Shavu Lililopima Tanuri

Ukipita nyuma ya bekari ile asubuhi, upande wa mlango wa kuni, ungeona jambo lililowachekesha wageni. Mwanamke wa makamo, kilemba kimekazwa hadi kwenye nyusi, anainama mbele ya mdomo wa tanuri kama mtu anayenong'onezewa siri. Anageuza uso, analipeleka shavu la kushoto pale pale joto linapotokea, anafumba macho, midomo inahesabu. Akifika saba anajitoa na kusema neno moja tu: "Bado," au "Tia." Akisema bado, hata mwenye bekari hutulia. Akisema tia, beleshi refu la mbao linaanza kazi, mikate inaingia mmoja baada ya mwingine, na hakuna utakaotoka mbichi ndani wala ulioungua chini.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mle ndani. Wachache walimwita Fundi. Waliobaki wote walimwita Kipimo.

Aliingia bekari kwa ufagio. Kazi yake ilikuwa kukusanya unga uliomwagika na kutoa majivu. Tanuri lilikuwa mikononi mwa fundi mzee, mtu mrefu, mkavu, mchache wa maneno, aliyekuwa na weusi shavu zima la kushoto, umetanda kama ramani. Kila mtu alidhani amezaliwa nao. Siku moja yule mzee alichelewa, na tajiri wa wakati ule, baba wa huyu wa sasa, akawa anafoka mikate itiwe. Binti wa ufagio akasema kwa sauti ndogo kwamba tanuri halijaiva. Nani amsikilize mfagiaji? Mikate ikatoka imekaa kama matope. Kuanzia hapo fundi mzee alimsogeza karibu na moto.

Alimfundisha kwa maneno machache. Mkono unadanganya, alisema, kwa sababu mkono umeota sugu. Jicho linadanganywa na moshi. Shavu halina sugu, kwa hiyo shavu ni mkweli. Binti akainama, akageuza uso, akahesabu. Wiki ya kwanza alilia kwa kujificha. Mwezi wa pili akawa halii tena. Mwaka wa pili fundi mzee alistaafu, na tanuri likawa lake, mwanamke wa kwanza kulishika. Wapo wanaume waliokanda donge miaka kumi wakilitamani tanuri lile na hawakulipata. Alitembea kichwa juu, na alikuwa na haki.

Kivuli kilimtokea shavuni baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mwanzo alidhani ni masizi. Akasugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia, akasugua tena jioni, mpaka ngozi ikachubuka. Ilipopona, ilipona nyeusi kuliko mwanzo. Akaongeza kusugua. Ndiyo akili ya watu wa bekari hiyo: kilichoganda kwenye trei hutoka kwa kusuguliwa, na kisipotoka, hukusugua vya kutosha. Jirani akamshauri limau. Limau likamchoma, naye akaamka na kidonda cha limau, akaenda kuinamia tanuri.

Miaka ikapita, kivuli kikawa baka, baka likawa kama wavu mweusi uliotegwa kutoka kwenye taya hadi chini ya jicho. Hapo watu wakapata la kusema. Kwenye foleni ya bomba alisikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba ndivyo wanavyokuwa waliojichubua, ngozi inawarudi. Hakuwahi kujipaka kitu maishani zaidi ya mafuta ya mgando. Aliweka ndoo chini, akamwangalia yule mama mpaka yule mama akajitia anafunga kanga. Lakini maneno yalikwenda naye nyumbani. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wa kuonekana kama mwezi mwandamo, na alipokuwepo hakusema lolote kuhusu uso, jambo lililomuuma kuliko kama angesema.

Wifi yake ndiye aliyesema. Alikuwa na saluni yenye viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa, na nyuma ya pazia alikuwa akichanganya mkorogo na kuugawa kwenye vikopo vilivyokuwa vya siagi.

"Wifi, hilo shavu unaliachaje?" alimwambia, huku akimshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga kama mnunuzi wa papai. "Kaka yangu alioa mwanamke wa rangi moja. Nipe wiki sita."

Basi yule aliyesingiziwa kujichubua akaenda kujichubua. Mpaka leo akilikumbuka hilo hukunja ngumi. Waliomsema ndio waliompeleka.

Wiki sita hazikuisha, uso ukawa umeng'aa. Wale wale wa kwenye bomba wakamsifu, wakamuuliza anapaka nini, na wifi akapata wateja wapya wanne. Mwezi wa tatu ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia mkate, vimishipa vikaonekana, vipele vikatoka kidevuni. Joto la tanuri alilokuwa amelizoea likawa linamuuma kama pilipili. Alijaribu kuacha kupaka siku mbili, uso ukavimba na kuwaka, akakimbilia kikopo tena. Mwezi wa nane weusi ulirudi, na safari hii ulikuja na nduguze: ulikuwa wa bluu kama jeraha la kugongwa, umezunguka jicho, umejaa vinundu vigumu kama mbegu.

Wifi alisema amepaka vibaya. Akampa kikopo kingine, chenye nguvu zaidi.

Kipimo aliketi pale saluni akimtazama anavyokoroga. Alikuwa mtu wa kutazama, tanuri lilimfundisha. Akaona glavu. Wifi alikuwa amevaa glavu mbili za mpira, moja juu ya nyingine, na alikuwa akikoroga huku ameugeuza uso pembeni.

"Mbona wewe unavaa glavu?" aliuliza.

"Nisiharibu kucha."

Hakukipaka kikopo kile cha pili. Alikifunga kwenye mfuko, na siku ya mapumziko akapanda hadi hospitali kuu, akakaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi kuanzia saa mbili mpaka saa saba, kitambaa kimemfunika nusu ya uso.

Daktari alikuwa dada mfupi, miwani imening'inia kifuani, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo hilo mara nyingi tangu asubuhi. Alikichukua kikopo, akakifungua, akakinusa kwa mbali.

"Hiki kimeandikwa nini, mama?"

"Hakijaandikwa kitu."

"Basi hata mimi sijui ulichokuwa unajipaka. Na aliyekuuzia hajui."

Akamweleza polepole. Ndani ya vikopo vya namna hiyo hukutwa dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo hazifai kupakwa usoni kila siku, dawa za kung'arisha zilizozidi kipimo, na hata zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi bali huingia hadi kwenye figo. Akamwambia asikitupe kikopo kwa hasira na kuacha kila kitu siku moja, kwa maana uso wake umeshakuwa mtumwa wa ile dawa. Atampa nyepesi ya kumshushia kidogo kidogo, na atamwona kila baada ya wiki mbili. Uso ukitulia, ndipo ataanza dawa ya madoa yenyewe, ya tyubu, ya kwenda taratibu, kiasi cha punje ya harage, usiku tu. Asubuhi atapaka mafuta ya kukinga jua, yale yenye rangi ya udongo, kwa sababu hata mwanga wa mchana unaoingia dirishani huamsha madoa. Dodoki mwiko. Limau mwiko. Chochote kinachowasha au kuchoma, mwiko.

"Ngozi nyeusi haisahau," alisema. "Ukiichoma, ukiikwaruza, ukiisugua, inajikinga kwa kuongeza rangi. Kwa hiyo tiba yake ni upole. Itachukua miezi sita, pengine mwaka, pengine zaidi. Na hivi vinundu vya mbegu sikuahidi kwamba vitaisha. Unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate."

"Tanuri unalikaribia kiasi gani?"

Kipimo hakujua ajibu vipi kwa maneno. Akasimama, akainama mbele ya meza ya daktari, akageuza shavu la kushoto juu ya zile karatasi, akafumba macho, akahesabu hadi saba. Alipofumbua, daktari alikuwa ameacha kuandika.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kumi. Shule zikifunguliwa, kumi na tano."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Daktari aliweka kalamu. Akamwambia kwamba kikopo kimeharibu juu ya kilichokwisha kuharibika. Ule wavu mweusi wa mwanzo, kwa anavyouona, umesukwa na moto, na mimba ikauongezea rangi. "Naweza kukuandikia dawa zote zilizomo kwenye kabati lile, mama. Kama shavu litaendelea kwenda tanurini, tunateka maji kwa pakacha."

Alirudi kwa miguu. Mtu akikutana naye njiani alidhani amefiwa. Hakuwa na huzuni hata chembe. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamempa sababu za shavu lake: kujichubua, husuda, kutonawa vizuri, damu chafu. Hakuna hata mmoja aliyemwangalia akiinama pale mara kumi kwa siku akasema, wewe, si moto huo?

Kituo cha kwanza kilikuwa saluni. Viti vyote vitatu vilikuwa na watu. Alikiweka kikopo cha pili mbele ya kioo, akaomba radhi kwa wateja, kisha akamwambia wifi yake apake. Apake tu kidogo, mgongoni mwa mkono, bila glavu, hao dada waone. Wifi alicheka. Akasema wifi yake siku hizi ana vituko. Akasema ngozi yake haihitaji. Kipimo akasema basi apake kwa mapenzi ya kaka yake.

"Wifi, unaniharibia kazi."

"Wewe umeniharibia uso. Tuko sare? Hatujafika hata nusu."

Mteja wa kiti cha katikati alisimama na vibanio vyake kichwani, akatoka.

Kituo cha pili kilikuwa kigumu zaidi, kwa kuwa saluni hakuwa anaihitaji ila bekari alikuwa anaihitaji. Huko ndiko lilikokuwa tanuri lake. Asubuhi iliyofuata alimfuata tajiri kwenye meza yake ya mbele, akamwomba kwa adabu zote anunue kipimajoto, vile vya chuma vya kufungwa kwenye mlango wa tanuri. Akamweleza maneno ya daktari. Tajiri alikuwa kijana aliyerithi, mchangamfu, mwenye mzaha kwa kila mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Ulikuwa huwezi kugombana naye bila kuonekana huna ucheshi.

"Jamani, Kipimo anataka kipimo," aliwatangazia waliokuwa wakipanga mikate. Wakacheka. Akasema vyuma hivyo huharibika baada ya mwezi, marehemu baba yake hakuwahi kuwa navyo, na wateja wanapenda mikate yake hivyo hivyo. Kisha, bila kuacha kutabasamu, akasema akichoka aseme tu, atamweka Kinyundo. "Ana mashavu mawili, yote mazima."

Kinyundo alikuwa mkandaji wa donge, mwanaume mpana mwenye ngumi za kupasulia kuni, baba wa watoto watatu. Alilitamani tanuri siku nyingi, na hakuficha. Alipolisikia jina lake akainua kichwa.

Kipimo akarudi motoni. Siku ile aliinama mara kumi na moja, na kila mara alisikia sauti ya daktari kabla hajafika saba. Hapo ndipo alipoona wazi yuko wapi. Akiendelea, uso unakwisha. Akiacha, tanuri linakwenda kwa Kinyundo, na yeye anarudi kwenye ufagio.

Alikwenda kwa fundi mzee. Alimkuta chumbani kwa binti yake, kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani, ule weusi umekunjamana pamoja na shavu. Alimwamkia, akakaa chini, akauliza moja kwa moja: kabla ya shavu, bekari ile ilipima kwa nini?

Mzee alipunguza sauti ya redio. Akasema, kwa unga. Unatupa ngumi ya unga juu ya matofali yaliyofagiliwa, unahesabu hadi nane. Ukibaki mweupe, bado. Ukiwa mweusi papo hapo, limezidi, subiri. Ukigeuka taratibu ukawa wa rangi ya kahawia, tia. Ulikuwa mwaka wa njaa, unga ulipokuwa adimu, ndipo baba wa huyu tajiri alipoukataza. Alisema kila ngumi inayotupwa ni mkate mdogo unaochomwa makusudi. Basi yeye akajifunza kwa shavu. Wenzake walipomcheka akawaambia unga ni wa wanagenzi, shavu ni la mafundi.

"Nilisema hivyo kwa kujitetea," alisema. "Baadaye nikaja kuamini mwenyewe."

Kipimo alilitazama shavu la mzee.

"Kumbe hilo lako si la kuzaliwa, baba."

"La kuzaliwa wapi. Mama yangu alinizaa msafi."

"Ulijua, na ukaniinamisha mimi."

"Njaa iliisha lakini katazo halikuondolewa. Ningefanyaje? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu."

"Aliyetaka cha mvunguni ni tajiri," alisema Kipimo. "Mimi ndiye niliyekuwa nainama."

Mzee aliongeza sauti ya redio. Kipimo aliondoka bila kuaga, yeye ambaye hajawahi kumgeuzia mzee mgongo, na njia nzima alijilaumu kwa kutoaga na kumlaumu mzee kwa kumfanya ajilaumu.

Kesho yake, tajiri akiwa bado hajafika, alitumbukiza mkono kwenye gunia, akatupa. Hesabu ya mzee ilikuwa ya matofali ya enzi hizo na kuni za enzi hizo. Mikate ya kwanza iliungua chini, ikawa myeusi kama nyayo za viatu. Akasema kuni zilikuwa na mafuta, na tajiri akamkubalia, maana hakuwahi kukosea. Siku ya pili mikate ilitoka imepauka. Siku ya nne alipata: akihesabu kumi na mbili na unga ukiwa ndiyo unaanza kugeuka, tanuri limeiva. Akaihakikisha wiki nzima. Akasimama hatua mbili nyuma ya mdomo wa tanuri, mkono ukarusha, macho yakatazama, shavu likabaki lake.

Aliyemgundua kwanza ni Kinyundo. Aliona vumbi jeupe ukingoni mwa matofali. Kipimo alijua amekwisha, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilingoja mtu yule. Kinyundo akachukua kitambaa kibichi, akaufuta ukingo, akasema kwa chini, "Fundi, unga unaacha alama. Futa." Akarudi kwenye donge lake. Kipimo hakuelewa, na hakuuliza.

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Dawa ya kushushia ilifanya kazi yake, kuwaka kukapungua, ngozi ikaacha kuwa karatasi. Tyubu ikaanza. Asubuhi alipaka yale mafuta ya rangi ya udongo, na Kinyundo akasema Fundi anang'aa kama chungu kabla hakijachomwa. Wavu haukuondoka, ila nyuzi zake zilianza kulegea kwenye taya. Daktari alipiga picha, akaweka na ya zamani kando yake, akamwonyesha. Kipimo hakusema asante. Alitazama zile picha mbili akafikiria ngumi ngapi za unga zinaingia katika miaka kumi na minne. Alikuwa anajua kukadiria. Hazikuzidi unga unaokandwa mle kwa mwezi mmoja.

Tajiri alimkamata siku ya shule kufunguliwa, bekari imejaa, joto la saa nne. Alikuja nyuma ghafla kuhimiza, akafika pale pale mkono wa Kipimo ulipokuwa umeachia unga.

"Unachoma unga wangu?"

"Ngumi moja."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponikatalia kipimajoto."

Safari hii tajiri hakufanya mzaha. Alisema baba yake alikataza jambo hilo kabla yeye hajazaliwa, na bekari imesimama kwa ajili ya sheria ndogo kama hizo. Alisema mara kumi kwa siku si ngumi moja. "Unga unanunuliwa, mama."

Watu wote waliacha kazi. Kipimo aliegemeza beleshi ukutani taratibu. Kisha akajipangusa yale mafuta ya rangi ya udongo kwa pembe ya kilemba, mpaka baka lote likawa wazi, wavu, bluu, mbegu na vyote.

"Na hili ulilinunua kwa nani?"

Tajiri aliangalia pembeni. Akasema hakuna aliyemlazimisha. Akasema mikate ya shule inachelewa. Akaita Kinyundo aje ashike tanuri, afundishwe shavu leo leo.

Kinyundo alikuja, anafuta donge vidoleni. Alisimama mbele ya mdomo wa tanuri alioutamani miaka yote hiyo. Kipimo akaingia kati yake na moto.

"Subiri, baba. Nilifundishwa na fundi, na fundi aliinamishwa na baba wa huyu. Hii ni kazi ya ukoo wao. Acha mwenyewe akufundishe." Akamgeukia tajiri. "Inama. Saba tu."

Kama angekataa, pengine yangeishia pale. Lakini alikuwa amezungukwa na watu, na alikuwa kijana. Akacheka, akakunja mikono ya shati, akainama, akageuza shavu. Kipimo alimhesabia kwa sauti, bila haraka. Moja. Mbili. Alipofika tatu tajiri aliruka nyuma, kiganja kimeshika uso, macho yamejaa maji.

"Nani anaweza kukaa hapo?" alisema.

Lilikuwa swali la kijinga kiasi kwamba hata yeye alilisikia baada ya kuliuliza.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema mtu upande wa trei, na hakumalizia.

"Zimebaki nne," alisema Kipimo. "Halafu mara kumi. Halafu kesho. Uoshe baka, ukaambiwe umejichubua, ukachubuliwe kweli, halafu urudi uniambie unga unanunuliwa."

Tajiri alimwashiria Kinyundo kwa kidevu, aendelee. Kinyundo aliutazama mdomo wa tanuri, akamtazama Fundi.

"Mimi tanuri nalitaka, tajiri, sifichi," alisema. "Nimelitaka kabla hata wewe hujaanza kunyoa ndevu. Ila miezi mitatu hii nimemchungulia huyu mama anavyopima kwa unga, na nilikuwa najifunza kwa sababu nilijua iko siku utaniita. Uso wangu sipeleki. Mke wangu ameuzoea."

Nje dereva wa gari la shule alipiga honi. Madonge mia mbili yalikuwa yameumuka kwenye trei, yakikaa zaidi yataporomoka, na kila mtu mle ndani alijua hivyo, tajiri kuliko wote. Alisimama na kiganja shavuni. Hakuomba radhi. Aliangalia gunia, akaangalia trei.

"Basi iwe ngumi ndogo," alisema.

Kipimo alimwangalia. Kisha akatumbukiza mkono guniani hadi kwenye kiwiko, akautoa na ngumi iliyojaa mpaka unga ukawa unachuruzika katikati ya vidole, akarudi hatua mbili, akaurusha wote ndani.

"Moja," alisema, na Kinyundo, na wale wa trei, wakaanza kuhesabu naye.